Maoni Yetu: Mguu usiouma usitembezwe

Kuna mguu unaoingia katika vituo vyetu vya afya na kutoka bila mtu kuutazama mara mbili. Umevimba kuanzia juu ya vidole hadi kwenye kifundo. Ukiushika una joto. Mwenyewe amekuja nao kwa kutembea, kutoka kilima cha pili. Akiulizwa kama unauma, anasema hauumi. Au anasema unamchomachoma usiku, si jambo la kumliza mtu. Basi anaandikiwa vidonge vya uvimbe, anaambiwa labda ni jongo, labda aliteguka bila kujua, na anarudi nyumbani kwa mguu ule ule.

Akija tena, miezi imepita. Tao la unyayo limeanguka, limejaa kwa chini kama tumbo la mtumbwi. Uzito wote sasa anauangushia katikati ya mguu. Hapo katikati pametoboka kidonda, na kidonda kimefika mfupani. Safari hii kila mtu anauona mguu, na kila mtu analijua neno linalofuata: kukata.

Maoni yetu ni mafupi. Mguu ule wa kwanza, uliokuja kwa kutembea, ulikuwa umevunjika. Mtu mwenye ganzi ya miguu akija na mguu mmoja umevimba na una joto, ahesabiwe kuwa amevunjika mifupa mpaka ithibitike vingine, na mguu huo usikanyage chini tena kuanzia saa hiyo. Tunasema haya macho yetu yakiwa Kitshanga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu hatujui mahali pagumu kuliko hapo kwa kumwambia mtu aache kutembea.

Ugonjwa wenyewe unaitwa mguu wa Charcot, tamka Sharko. Jean-Martin Charcot alikuwa daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Mwaka 1868 aliandika juu ya wagonjwa waliokuwa wakisagika viungo huku wakiendelea na shughuli zao. Hao walikuwa na kaswende iliyokwisha kuharibu uti wa mgongo. Kisukari hakikuwamo katika habari ile, kwani zama hizo mwenye kisukari kikali hakuishi muda wa kutosha kuharibikiwa miguu. Insulini ilidungwa kwa binadamu mara ya kwanza Januari 1922, huko Toronto, Kanada. Miaka 14 baadaye, 1936, daktari mmoja wa Marekani, William Jordan, akaeleza kuwa miguu ile ile ameiona kwa watu wa kisukari. Dawa ilikuwa imewaongezea watu umri, na sukari ikapata miaka ya kutafuna neva zao. Leo kisukari ndicho kinacholeta mguu huu kuliko maradhi mengine yote.

Mambo huenda hivi. Neva zinazopeleka habari ya maumivu zinakufa taratibu, zikianzia vidoleni na kupanda. Siku moja mtu anajikwaa, au anateremka vibaya kwenye mtaro, au anabeba gunia la viazi lililomzidi. Mfupa mdogo wa katikati ya mguu unapata ufa, au kano inachanika. Mwingine angekaa chini apige kelele, aitiwe watu. Huyu anaendelea na safari, na kila hatua inaupanua ufa. Mwili nao unalipokea jeraha kwa njia yake: damu inamiminika pale, joto linapanda, na zile seli zinazomega mfupa mkuukuu ili mpya uote zinazidisha kazi kupita kiasi. Mfupa unalainika wakati ule ule unapokanyagwa. Wiki chache zinatosha kwa mifupa ya katikati ya mguu, iliyopangana kama mawe ya daraja, kuachana na kusagikiana.

Ndiyo maana mapigo ya damu katika mguu huu huwa na nguvu. Muuguzi aliyefundishwa kuogopa mguu wa baridi na mweusi atauona huu una damu tele, ataridhika, na hapo ndipo atakapokosea.

Kutosikia maumivu kunaweza kuonekana kama neema. Paul Brand, mpasuaji aliyezaliwa India na kufanya kazi Vellore miongoni mwa wagonjwa wa ukoma, alikuta watu wanaamini kuwa ukoma wenyewe ndio unaoozesha vidole. Akafuatilia, yeye na wenzake, kidole baada ya kidole. Walichokuta ni sufuria la moto lililoshikwa kwa mikono mitupu, msumari uliopenya kiatu na kutembelewa siku nzima, na usiku, panya. Mgonjwa amelala, panya anakula, hakuna anayeamka. Ikawa mgonjwa akiruhusiwa kurudi kwao anapewa paka wa kwenda naye.

Anayedhani hiyo ni India ya zamani asogee karibu. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wao wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Hao ni watu wa jijini, wenye kuta na milango. Kibanda cha turubai na fito hakimzuii panya hata kidogo.

Sasa, ni nani mwenye ganzi ya miguu Kitshanga? Tunaamini ni wengi kuliko daftari la kituo linavyoonyesha. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 wa Afrika wana kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Bado kuna wanaodhani ni ugonjwa wa matajiri wa Goma wenye magari. Mtu anayekojoa mara nne usiku huko vilimani anaambiwa ni baridi.

Kuna ukoma pia. Kongo ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazopata wagonjwa wapya wengi wa ukoma kila mwaka, na dawa zake zinatolewa bure duniani kote tangu 1995. Lakini dawa zinaua vijidudu. Neva iliyokwisha kufa hazifufui. Mtu anapewa karatasi kuwa amepona, ni kweli amepona, na unyayo wake haujui tofauti ya jani na kaa la moto. Wapo wanaotumia dawa za kifua kikuu za isoniazidi bila kupewa vitamini B6 ya kulinda neva. Wapo wa kanyanga, ile pombe kali, ya kila siku. Hawa tunawapita haraka, si kwa kuwa ni wachache.

Na wapo wa vita. Risasi ikipita kwenye paja au tako inaweza kukata neva kubwa inayoshuka mguuni. Wapasuaji wanaosaidiwa na Msalaba Mwekundu pale hospitali ya CBCA Ndosho, Goma, wameokoa miguu mingi ya namna hiyo. Kijana anarudi kilimani na mguu kamili kwa sura, lakini unyayoni hasikii kitu. Kwa ndugu zake amepona, na kwenye daftari amepona. Kituoni kwake hakuna anayemwambia kwamba tangu siku hiyo anapaswa kuukagua unyayo wake kila jioni kama mtu anayekagua mbuzi wake kabla ya kufunga zizi.

Hebu tuitazame Kitshanga yenyewe. Ni mji wa juu, mpakani mwa Masisi na Rutshuru, kiasi cha kilomita 80 hivi kutoka Goma kwa njia ya Sake. Jioni kuna baridi. Watu wanakaa kuzunguka jiko la makala na kunyoosha miguu. Mwenye ganzi ananyoosha na kusogeza, anasogeza tena, kwa sababu hapati ule moto wanaousema wenzake, na malengelenge anayaona asubuhi. Mvua ikinyesha njia inakuwa tope, na kila mtu amevaa mabuti ya mpira, bote kama tunavyoita, mara nyingi namba isiyo yake. Kokoto ikiingia ndani ya bote la mtu mwenye ganzi, inaingia naye shambani, inarudi naye, inalala mlangoni na kuamka naye. Tumeisikia habari hii mara nyingi mno kuiona ngeni. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa kunaitwa tabia ya watoto wa shule. Kwa hawa ni tiba.

Halafu watu wa Kitshanga wanatembea. Februari na Machi 2013 mapigano yalichoma sehemu kubwa ya mji, watu wakatoka kwa miguu. Mwishoni mwa Januari 2023, waasi wa M23 walipouchukua mji, walitoka tena, pamoja na waliokuwa wakimbizi kwa mara ya pili au ya tatu katika kambi za Mungote na Kahe. Wengine walielekea Mweso, wengine wakashuka Sake na kuendelea mpaka kambi za pembezoni mwa Goma, ambako ardhi ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, makali kama chupa iliyovunjika. Februari 2025 kambi hizo nazo zikavunjwa, wakaambiwa warudi. Wakarudi, wengi wao kwa miguu.

Katika safari ya namna hiyo mguu usiouma unakuwa msaliti. Mfikirie mama wa miaka hamsini na kitu, kisukari anacho na hajapimwa. Mgongoni mjukuu, kichwani godoro lililokunjwa, mkononi kidumu. Kwenye mteremko wa Kilolirwe mguu unapinda. Anasikia kitu kama kijiti kimekatika. Wenzake wakilalamika miguu, yeye ndiye anayewatia moyo, kwa kuwa wake hauumi. Anawabebea na mizigo. Anafika mguu umevimba mpaka kamba ya kiatu haizunguki, na kila anayemtazama anasema ni uchovu wa njia, kesho utanywea. Haunywei. Na kesho yenyewe kuna foleni ya maji, kuna kuni, kuna kibanda cha kusimamisha.

Mama huyo hana jina. Tumemuunda kwa vipande vya mambo ambayo mtu yeyote aliyesimama kando ya barabara ile ameyaona. Ila tunauliza: katika safari yote hiyo, ni nani aliyewahi kumwambia avue viatu?

Mara nyingi wa kwanza kuugusa mguu wake ni muunga mifupa wa kijijini au jirani mwenye mkono mwepesi. Anaukanda kwa maji ya moto. Wengine watanong'ona kuwa amekanyaga kitu, maana yake ametegwa. Mguu unaovimba bila kuuma lazima una mwenye kuutuma. Hatutaki kumdhihaki mtu hapa. Mganga wa karibu ni wa karibu, na kituo cha afya wakati mwingine kimefungwa, au kimehamwa. Tunamwomba jambo moja tu: mguu usiouma asiukande. Maji ya moto yatauchoma bila mwenyewe kujua, na kukanda kunasukuma vipande vya mifupa vilivyokuwa bado vimekaa karibu karibu. Afunge mbao mbili, amlaze mtu, amtafutie machela, tipoyi kama walivyosema wazee, ampeleke.

Turudi kituoni, kwa sababu kosa kubwa linafanyika pale, na kulirekebisha hakugharimu kitu.

Muuguzi amwambie mgonjwa avue viatu vyote viwili. Viwili, kwani mguu wenye afya ndio kipimo. Aweke mgongo wa mkono wake juu ya mguu mmoja, kisha juu ya mwingine, mahali pale pale. Mgongo wa mkono unajua joto kuliko kiganja. Akina mama wanalijua hilo kwa watoto wenye homa. Wenye kipimajoto cha ngozi hutafuta tofauti ya nyuzi 2 au zaidi. Asiye nacho asijisikie mnyonge, mkono unatosha kumtia mtu shaka, na hapa shaka ndiyo inayotakiwa.

Hapa tuna ugomvi kidogo na vitabu. Vingi vinasema mguu huu ni mwekundu. Ni mwekundu kwa Mzungu. Juu ya ngozi yetu wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na mwanafunzi aliyekariri kitabu ataungoja mpaka mguu uishe. Kwetu utafutwe uvimbe na joto, basi.

Kisha mgonjwa afumbe macho. Muuguzi aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi, bila kusukuma wala kupapasa, sekunde moja au mbili: ncha ya kidole gumba cha mguu, cha tatu, na cha mwisho. Mguu wa pili vivyo hivyo. Mgonjwa aseme "ndiyo" kila akisikia. Akikosa mara mbili au zaidi katika sita, ana ganzi ya hatari. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na hakina kifaa cha kununua, hakina betri. Kinataka dakika moja na mtu aliye tayari kugusa miguu yenye tope ya watu wengine. Tunashuku kuwa hilo la mwisho ndilo linalokwamisha.

Likibaki swali kama ni Charcot au ni usaha chini ya ngozi, alazwe na mguu uinuliwe juu ya kiwango cha moyo kwa dakika tano hadi kumi. Uvimbe wa Charcot mara nyingi unapungua mguu ukiinuliwa. Wa usaha unabaki. Pasipo na kidonda, usaha hauna hata njia nyingi za kuingia. Picha ya eksirei ni nzuri ikipatikana, lakini asiiamini kupita kiasi: wiki za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa, na mguu ukawa tayari unabomoka. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kwa kuwa "picha haionyeshi kitu" ameumizwa na picha.

Tiba yenyewe ni ya kizamani mno kiasi kwamba wengi hawaiheshimu. Ni plasta, hogo kama wanavyosema Dar es Salaam, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, iliyoukumbatia mguu kila mahali. Roli ya bendeji inatumbukizwa ndooni, inatoa mapovu; mapovu yakikoma inatolewa, inakamuliwa kidogo, inazungushwa juu ya pamba nyembamba iliyolinda mfupa wa muundi na mafundo mawili ya kifundo. Anayefunga anatumia viganja, hatumii ncha za vidole, kwani kila ncha inaacha kishimo, na kishimo hicho ndani kitakuwa kidonda. Plasta inapokauka inatoa joto lake na harufu ya chokaa mbichi. Mgonjwa mwingine hulalamika inamuunguza. Huyu anatazama tu, kama vile mguu ni wa mtu mwingine. Penye usaha au mguu uliokosa damu plasta hiyo haifungwi. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Wiki ya kwanza haijaisha, ifunguliwe. Uvimbe umenywea, plasta imelegea, na plasta iliyolegea juu ya mguu wenye ganzi ni msasa. Inafungwa mpya, kisha tena kila wiki moja au mbili. Mpaka lini? Mpaka joto la miguu miwili lilingane na mifupa ishikane. Ni miezi mitatu kwa mwenye bahati, mara nyingi sita, na wengine mwaka.

Je, inawezekana kwetu? Tanzania walianza mwaka 2004 mradi wa miguu ya kisukari ulioitwa Hatua kwa Hatua, wakawafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kwa pamoja, daktari na muuguzi wake, ili mmoja akihamishwa ujuzi usihame wote. Taarifa waliyoitoa 2011 inasema vidonda vilitunzwa vizuri zaidi na ukataji wa miguu ukapungua. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viatu vya tiba tangu 1981. Goma kuna kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja. Ujuzi uko katika ukanda huu, na wanaosema Kiswahili wanaweza kuupata kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni roli za plasta kwenye sanduku la vifaa vya tiba linalopanda Kitshanga na Mweso. Masanduku yanajaa vifaa vya majeraha ya risasi, na ni sawa. Ongezeni roli ishirini.

Fundi viatu wa sokoni naye ana kazi hapa. Makubazi ya tairi, katambuga za Watanzania, yana soli ngumu isiyopinda, na mguu uliopona Charcot unaitaka hasa soli isiyopinda. Yawe mapana, yawekewe mpira laini kwa ndani, na yagandishwe kwa gundi na uzi. Misumari hapana. Programu za ukoma zilijifunza hilo kwa gharama: msumari unaopanda polepole kwenye soli, mwenye ganzi anautembelea mpaka mtu mwingine auone umetokeza.

Lakini yote hayo, plasta na makubazi, ni sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni sentensi moja: "Mama, usitembee kwa miezi sita." Ukiisema Geneva ni ushauri wa daktari. Ukiisema Kitshanga unamwambia mtu asilime, asichote maji, asiende sokoni, asikimbie. Mara nyingi anaitikia "sawa, doki," anakwenda nyumbani, na kesho yake yuko kwenye mteremko na jembe begani na plasta imejaa tope. Kisha kwenye daftari anaandikwa kuwa ni mkaidi. Tumechoka kulisoma neno hilo. Mtu asiye na wa kumlimia hawezi kuwa mkaidi. Amepiga hesabu, na katika hesabu yake njaa inafika kabla ya kukatwa mguu.

Basi anayetaka kuokoa miguu aingie kwenye hesabu hiyo. Plasta iende pamoja na chakula cha nyumba, kwa miezi yote ya plasta, kama mwenye kifua kikuu anavyosaidiwa amalize dozi. Aende na magongo mawili. Na afundishwe kuyatumia, maana mguu wa pili nao una ganzi na sasa unabeba mwili wote, na wapo wa Charcot wanaoupoteza wa pili wakiulinda wa kwanza. Siku za kubadilisha plasta kituo kimfuate au kimlipie moto, yaani pikipiki. Chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, linabeba magunia ya makala kutoka milimani mpaka Sake. Kijana wa chukudu akilipwa atambeba na mgonjwa mpaka kituoni, taratibu, bila aibu kwa yeyote.

Nani anatawala Kitshanga leo si hoja ya safu hii. Yeyote aliyesimama na bunduki kwenye kizuizi cha barabara tunamwambia jambo lile lile: roli ya plasta si bidhaa ya kutozwa, na mgonjwa mwenye plasta hateremshwi kwenye moto ili avuke kizuizi kwa miguu. Mita hamsini hizo za kuvuka, kwa mguu ambao mifupa yake inaanza kushikana, si jambo dogo.

Na wanaogawa chakula wana jambo moja la kubadilisha, nalo linafanyika kwa kalamu. Siku ya mgao watu wanaitwa alfajiri, wanapangwa, wanasimama mpaka mchana, kisha wanabeba gunia kurudi. Anayeitwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi. Asipofika, anahesabiwa kuwa hayupo, na anayekuja badala yake anashukiwa kutaka kumlia mgao. Mwenye plasta anajua hilo, kwa hiyo anakwenda. Anasimama saa sita kwa mguu uliovunjika kwa sababu kadi ina mstari mmoja wa jina. Ichapishwe yenye mistari miwili, wa pili wa binti, wa jirani, wa yeyote mgonjwa atakayemtaja mwenyewe; na pembeni muuguzi aweke muhuri wa kituo na tarehe plasta ilipofungwa.